Miezi 379 ya sajenti

Kwenye ukurasa wa katikati wa kaunta buku lililochakaa pembe kuna namba imeandikwa kwa wino mwekundu na kuzungushiwa duara mara mbili: 379. Pembeni hakuna neno lolote. Nilimuuliza mwenye daftari, sajenti mstaafu wa polisi anayeishi Chemchem, Manispaa ya Tabora, kama ni namba ya jalada la kesi ya zamani. Akacheka.

"Hiyo ni miezi, mwanangu. Ni miezi anayotakiwa kuishi askari mpaka pesa zake zirudi."

Jina lake ameomba lisitoke, kwa kuwa ana kijana wake kazini. Ila majina ya hesabu hayaogopi. Kikokotoo, mkupuo, fao, kikotoleo: anayatamka bila kumeza neno, na barazani kwake chini ya mwembe hukosi kukuta mtu aliyeshika karatasi ya mshahara akisubiri zamu. Wengi ni askari waliobakiza miaka michache. Bado wanamwita afande.

Kisa chenyewe wasomaji wanakijua. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikawa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kanuni mpya za kukokotoa pensheni zikaja, watumishi wakapiga kelele, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 1, 2022 kikaanza kikokotoo kipya chenye mkupuo, yaani pesa anayopewa mstaafu kwa mara moja, wa asilimia 33. Juni 2024, akisoma bajeti, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba akatangaza asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata nusu. Askari polisi, waliotokea PSPF, wamo humo. Makofi yakapigwa.

Sajenti hakupiga makofi. Alichukua kalamu.

"Tuchukue askari mmoja," ananiambia. "Mshahara milioni moja, tusisumbuane na senti. Katumikia miaka 30. Ni miezi mingapi?" Ananyamaza mpaka nijibu, kama mwalimu wa darasa la nne. Miezi 360.

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mshahara wa mwaka, yaani milioni 12, ulizidishwa kwa miezi 360 na kugawanywa kwa 540. Inatoka pensheni ya mwaka ya milioni 8. Nusu yake, milioni 4, ilizidishwa kwa 15.5, na askari akaondoka na mkupuo wa shilingi milioni 62. Nusu iliyobaki ikagawanywa kwa miezi 12, akawa anapokea 333,333 kila mwezi hadi kufa.

Anafungua ukurasa wa pili. Askari ni yuleyule, mshahara uleule. (Sheria ya sasa inachukua wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, sajenti anaufanya wastani huo uwe milioni moja ili ugomvi usiwe mwingi.) Sasa kigawanyo ni 580. Pensheni ya mwaka inashuka hadi 7,448,276. Kwa kanuni ya 2022, asilimia 33 yake inazidishwa kwa 12.5, si 15.5 tena. Mkupuo: milioni 30.7. Ya kila mwezi inapanda hadi 415,862.

"Umeona? Wamekupunguzia milioni 31 na laki mbili na ushee, wamekuongezea elfu 82 na mia tano kwa mwezi. Gawanya."

Niligawanya kwa simu yangu. Inatoka 379. Miaka 31 na miezi saba. Anayestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 atakuwa amefidiwa akikaribia miaka 92, na hapo bado hatujagusa kupanda kwa bei ya sembe.

Nikadhani asilimia 40 imeponya kidonda. Sajenti alinisukumia daftari nifanye mwenyewe. Mkupuo unakuwa milioni 37.2, pensheni ya mwezi 372,414. Ukilinganisha na zamani, mkupuo umepungua kwa karibu milioni 24.8, na nyongeza ya mwezi imebaki 39,081. Ukigawanya, unapata zaidi ya miezi 633. Ni karibu miaka 53. Askari huyo atafidiwa akiwa na miaka 112.

Hapo ndipo lilipo jambo lililonikosesha usingizi. Nchi nzima imekuwa ikibishana juu ya asilimia: 25, 33, 40, 50. Lakini asilimia ni kisu tu cha kukatia mkate. Inaamua kipande kipi ule leo na kipi ule kidogo kidogo. Ukubwa wa mkate umeamuliwa na namba mbili ambazo hakuna anayeziimba kwenye mabango ya Mei Mosi, 580 na 12.5. Sajenti anazo hesabu za kuthibitisha. Hata serikali ikirudisha nusu kamili kesho, yule askari wa miaka 30 atapata mkupuo wa milioni 46.6, si 62, na pensheni ya 310,345, si 333,333. Vyote viwili vimepungua.

Kwa haki, upande wa pili nao una maneno. Watumishi walioajiriwa kabla ya 1999 hawakuwa wakichangia, lakini walipostaafu PSPF iliwalipa kana kwamba walichangia, na serikali ikachelewa kurudisha deni hilo. Desemba 2021 ililipa sehemu yake kwa hatifungani ya shilingi trilioni 2.17. Mfuko ungeendelea na kanuni ya zamani, ungekauka. Sajenti halipingi hili. Anachouliza ni kwa nini deni la serikali lirudi kulipwa na koplo wa Sikonge.

Halafu anasema jambo ambalo maofisa wa hesabu hawaliweki kwenye fomula. Askari haamui anakaa wapi. Uhamisho ukitoka, unafunga godoro: Kigoma, Lindi, Kahama, Urambo. Unaishi kota ya polisi, watoto wanabadilisha shule, kiwanja ulichonunua mji wa nyuma kinavamiwa. Siku ya kustaafu unarudisha sare na kota inamsubiri mwingine. "Mwalimu anaweza kujenga taratibu," anasema. "Sisi nyumba yetu ndiyo mkupuo." Nyongeza ya elfu 39 kwa mwezi hainyanyui ukuta.

Anaongeza, kwa sauti ya chini, habari ya mwanajeshi. Mwanajeshi wa JWTZ hayumo PSSSF. Pensheni yake inatoka Hazina. Polisi na mwanajeshi wanaweza kuwa wamekaa lindo moja siku ya mwenge. Bungeni limesemwa zaidi ya mara moja kwamba polisi watolewe kwenye kikokotoo. Nilimuuliza tofauti hiyo imejengwa juu ya nini. "Kamuulize aliyeijenga," akajibu, na nilipoendelea kuuliza akaanza kumhudumia mtu mwingine.

Tabora imeshawahi kuona askari wakidai. Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, aliposalimu amri Abercorn (sasa Mbala, Zambia), Novemba 25, 1918, askari wake Waafrika waliletwa kwa meli na treni hadi hapa, wakafungiwa kambini na hati za mishahara ambayo haijalipwa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa waliobaki, wazee walikusanyika Mwanza, wengi bila karatasi. Mtu wa benki wa Kijerumani akampa kila mmoja ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea.

Siku hizi uhakiki wa mstaafu ni wa simu janja, uso ukitazama kamera. Sajenti anawafanyia wenzake wasio na simu ya aina hiyo. Mmoja mboni zake zimefunikwa na mtoto wa jicho. Ilichukua asubuhi nzima.

Jioni alikuja koplo wa miaka 54, bado kavaa sare, kofia mkononi. Alitaka kujua kama atoke kwa hiari akifika 55. Sajenti alipiga hesabu: miezi 60 iliyokatwa, ukigawa kwa 580, ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mshahara wa mwaka inayopotea kwenye pensheni yake kila mwaka, maisha yote. Kisha akaweka kalamu chini.

"Una nyumba?"

"Nina msingi, afande."

"Michango ya ulipokuwa Kahama iliingia yote?"

Koplo hakuwa na uhakika. Akaambiwa arudi Jumatatu na taarifa ya michango, mwezi kwa mwezi, kuanzia siku aliyotoka chuo cha Moshi.