Hodi kwa Mgonjwa

Katika miaka ya 1980 lilikuwako neno nchini Uganda ambalo watu walilitamka kwa kunong'ona, na mgeni alipoingia ndani waliliacha kabisa. Neno hilo ni "silimu". Lilitokana na kukonda kwa mgonjwa, ambaye mwili wake uliisha siku kwa siku kama mshumaa. Wagonjwa wa kwanza walijulikana mwaka 1982 huko Kasensero, kijiji cha wavuvi kilichokuwa wilayani Rakai, kando ya Ziwa Victoria. Wapo waliodhani ni uchawi. Baadaye ugonjwa huo ulitambulikana kwa jina la UKIMWI.

Jeshi nalo halikusalimika. Mwaka 1986, baada ya vita vya msituni kwisha, askari 60 wa Uganda walipelekwa Cuba kwa mafunzo. Walipopimwa afya, 18 miongoni mwao walikutwa na virusi. Rais Fidel Castro alimpasha Rais Museveni habari hiyo ana kwa ana huko Harare, mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Askari aliyezoea kumtafuta adui kwa darubini akaambiwa kwamba adui yumo ndani ya damu yake, na huenda amekwisha kumfikisha nyumbani kwa mkewe.

Hapo ndipo taabu ya nyumba ilipoanza. Mume akiugua, mke alimwuguza. Mume akifa, mke aliambiwa afungashe, maana nyumba ya kambini hufuata kazi. Naye aliporudi kwao na watoto, alikuta kikombe chake kimetengwa. Mtu wa namna hiyo angetazamia faraja kanisani. Ukweli haufai kufichwa: kwa miaka mingi mimbari nyingi zilimwongezea jeraha. Wahubiri walisema ni adhabu ya uzinzi, wala hawakumwuliza mjane aliyeketi benchi la nyuma ametenda kosa gani. Maziko yalifanywa, nyimbo zikaimbwa, na sababu ya kifo ikaitwa homa.

Waliokwenda kinyume cha mkondo huo walianza bila kelele. Mwaka 1987 masista wa Kikatoliki wa hospitali ya Kitovu, karibu na mji wa Masaka, waliacha kungoja wagonjwa waje, wakapanda gari na kuwafuata vijijini. Huko Nsambya, Kampala, Sista Miriam Duggan, ambaye ni daktari, naye alianzisha huduma ya majumbani mwaka huohuo. Dawa ya kuzuia virusi haikuwako. Kilichokuwako ni dawa ya kutuliza maumivu, sabuni, uji, mikono ya kumgeuza mgonjwa kitandani, na sala fupi. Huenda msomaji akaviona vitu hivi kuwa ni vidogo. Kwa mtu ambaye hajaguswa na mkono wa mwenzake kwa miezi mitatu, si vidogo hata kidogo.

Hata hivyo lilibaki jambo moja ambalo sabuni na uji havikuweza kulitenda. Ilihitajika mtu alitaje jina la ugonjwa mbele ya kusanyiko, tena alitaje kuwa ni lake. Mtu huyo alitoka miongoni mwa makasisi wenyewe.

Gideon Byamugisha alikuwa mwalimu katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, huko Mukono. Mkewe, Kellen, alifariki dunia mwaka 1991, na kwa miezi kadhaa mume huyo hakujua ni ugonjwa gani uliomchukua. Alipoambiwa, alikwenda kupimwa, na mwaka 1992 akapata jibu kwamba naye anavyo virusi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na ushei, na mtoto mdogo wa kulea. Angaliweza kunyamaza, kama walivyonyamaza wengi waliokuwa na vyeo vikubwa kuliko chake. Badala yake alikwenda kuwaeleza wakubwa wake, kisha akawaeleza waumini, akawa kiongozi wa kwanza wa dini barani Afrika kujitangaza hivyo hadharani.

Wengi walitazamia kwamba atavuliwa kanzu. Hakuvuliwa. Kanisa la Uganda lilimwacha katika huduma, naye akapewa kazi ya kuwaelimisha watu juu ya UKIMWI katika Dayosisi ya Namirembe. Tangu hapo mjane wa benchi la nyuma alikuwa na mtu wa kumwendea, ambaye hangemwuliza amepataje. Kanoni Byamugisha amefundisha siku zote kwamba kinachomwumiza mgonjwa zaidi ya virusi ni kutengwa. Mwaka 1995 alimwoa Pamela, mjane aliyekuwa na virusi kama yeye, na watoto waliowazaa hawakuambukizwa. Jeshini nako Meja Rubaramira Ruranga alijitokeza katika miaka hiyohiyo, jambo ambalo kwa afisa halikuwa jepesi kuliko kwa kasisi.

Kilima cha Mbuya mjini Kampala chajulikana na askari kwa sababu ya kambi yake na hospitali ya jeshi. Kilimani hapo lipo pia kanisa la Bikira Maria, Mama wa Afrika. Mwaka 2001 paroko wake, Padre Joseph Archetti, pamoja na daktari kutoka Denmark, Margrethe Juncker, na waumini wa kujitolea, walianza kuwahudumia wagonjwa 14. Waumini waligawana mitaa, kila mmoja na majirani zake. Dawa za kuzuia virusi zilipoanza kutolewa bila malipo nchini, mwaka 2004, shida ikawa ni kuzimeza kila siku, saa ileile, bila kukosa. Kazi ya kukumbusha walipewa wagonjwa wenyewe waliopata nafuu. Mama ambaye mwaka uliotangulia alibebwa na jirani zake alizunguka mtaani asubuhi, akabisha hodi, akahesabu vidonge vilivyobaki, akauliza kama watoto wamekula, kisha akaenda mlango wa pili.