Seva ikizimika usiku, nani atasema kilichoiua?

KATIKA mitaa ya Buruburu, kuanzia Phase One hadi Five, si kazi kumpata kijana anayeunda tovuti au app. Lakini uliza ni nani anaweza kueleza kwa nini seva imezimika saa nane za usiku, uone watakavyokodoa macho.

Na kazi hiyo ipo. Seva za M-Pesa, kwa mfano, zilikuwa Ujerumani hadi 2015 zilipohamishiwa Kenya. Mashine zikikaa karibu, wanaozitibu pia wanatakiwa karibu.

Seva nyingi huendeshwa na Linux, mfumo uliotangazwa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi jijini Helsinki. Katikati yake kuna kiini, au keneli, kinachogawa kumbukumbu, kusimamia diski na kupokea data za mtandao. App ikianguka, kiini kinabaki kueleza kilichotokea. Kiini chenyewe kikianguka je? Hata ripoti kwenye diski hakiwezi kuaminiwa kuandika, maana mwandishi ndiye marehemu.

Kinyozi hajinyoi. Ndiyo maana kazi hii hutaka mashine mbili: mgonjwa na daktari. Habari njema ni kwamba si lazima ununue mbili.

Mgonjwa bandia

Laptopu ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 8 inatosha kuanzia. Weka Linux, kisha QEMU, programu inayounda tarakilishi bandia ndani ya ile halisi. Ile bandia ni mgonjwa, laptopu ni daktari.

Chunga bando zako. Historia nzima ya msimbo wa kiini ni gigabaiti kadhaa. Pakua toleo moja tu lililofungashwa, takriban megabaiti 140. Anza na make defconfig, ufuatishe make kvm_guest.config, kisha washa chaguo la DEBUG_INFO ili daktari aone majina na mistari ya msimbo badala ya nambari tupu. Stima ikipotea na betri iishe, tulia: ukirudia amri ya make, ujenzi unaendelea ulipoachia.

Washa mgonjwa kwa QEMU ukiongeza -s na -S. Ya kwanza hufungua mlango nambari 1234, ya pili humzuia asianze hadi umruhusu. Mwongezee kiini neno nokaslr, la sivyo kitachanganya anwani zake kila kinapowaka. Ingia kwa GDB kupitia mlango huo, na sasa unaweza kukisimamisha kiini kwenye mstari wowote ukakichungulia ndani.

Kwenye seva ya kazi

Hapa usijaribu hayo. Ukisimamisha kiini, kila mteja anasimama pia. Tumia kdump. Maneno crashkernel=256M hutenga kumbukumbu kwa ajili ya kiini cha pili. Cha kwanza kikifa, cha pili huamka, hunakili kumbukumbu ya marehemu hadi kwenye diski, kisha seva hujiwasha upya. Asubuhi unafanya uchunguzi wa maiti kwa programu ya crash, chai mkononi.

Seva nyingi bado zina tundu la serial ambalo laptopu za leo zimeliacha. Waya wake na kibadilishi cha USB vitakuletea maneno ya mwisho ya kiini hata diski ikigoma.

Jaribu kdump kabla ya kuitegemea: ukiwa na mamlaka ya root, echo c > /proc/sysrq-trigger huua kiini papo hapo. Iandike kwa mgonjwa bandia pekee. Ukiikosea dirisha ukaiandika kwenye seva ya kazini, bosi atajua kabla yako.

Na jambo moja ambalo wengi husahau. Faili hiyo ya marehemu hubeba chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu, nywila na data za wateja zikiwemo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Kwa hivyo beshte akikuambia umtumie faili kwa WhatsApp akusaidie kusoma, mwambie aje mwenyewe.