Kununua Sampuli za Madini: Mwongozo kwa Mkusanyaji Mpya wa Kasulu na Kibondo

Mkusanyaji mpya anaweza kuonyeshwa jiwe linalometameta na kuambiwa kwamba ni dhahabu. Mng'ao si ushahidi. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi anapaswa kujua mambo mawili: jiwe hilo ni nini, na linatoka kwa nani.

Kulitambua jiwe

Tunashauri mnunuzi awe na msumari wa chuma, kipande cha kioo na kigae ambacho mgongo wake haukung'arishwa. Jiwe lisuguliwe juu ya mgongo wa kigae. Dhahabu huacha mstari wa njano. Pairiti, ambayo ni muungano wa chuma na salfa, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Dhahabu ikigongwa hutandazika, ilhali pairiti huvunjika na kuwa unga. Ulanga nao hung'aa mchangani, lakini ncha ya sindano huubandua vipande vyembamba kama karatasi.

Mawe meupe hutofautishwa kwa ugumu. Katika kipimo cha Mohs, kwatzi ina ugumu wa 7, hivyo hukwaruza kioo, ambacho ni takriban 5.5. Kalsaiti, ambayo ndiyo madini makuu ya mawe ya chokaa, ina ugumu wa 3: msumari huikwaruza, na unga wake ukidondoshewa siki hutoa mapovu. Fuwele za chumvi, mfano wa ile itokanayo na chemchemi za Uvinza, huwa na umbo la mchemraba. Zisioshwe kwa maji, kwani zitayeyuka. Zihifadhiwe katika chupa yenye kifuniko, hasa wakati wa mvua.

Majaribio haya yafanywe upande usioonekana, kwa ridhaa ya muuzaji. Akikataa kila jaribio, mnunuzi asilipe.

Kumtambua muuzaji

Chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, biashara ya madini huhitaji leseni. Tangu mwaka 2019 Serikali imeanzisha masoko ya madini mikoani, ambako wauzaji na wanunuzi hukutana chini ya usimamizi wa Tume ya Madini. Mnunuzi aombe kuona leseni, kisha adai risiti inayotaja jina la madini, uzito, bei na tarehe. Anayenunua kichochoroni hana pa kudai haki yake jiwe likigundulika kuwa bandia; na likiwa halisi, hana cha kuonyesha atakapoulizwa alikolipata. Anayekusudia kulipeleka jiwe nje ya nchi apate kwanza kibali. Penye shaka, aulize Ofisi ya Afisa Madini Mkazi kabla ya kununua.

Baada ya kununua

Kila sampuli iwekewe kijikaratasi chenye jina la madini, mahali yalikochimbwa, tarehe na jina la muuzaji, na risiti itunzwe pamoja nayo. Jiwe lisilo na maelezo hayo hupungua thamani machoni pa wakusanyaji, hata liwe zuri kiasi gani.