Kupika, kuchemsha, kuiva

Neno "kupika" ni kama kikapu kikubwa: ndani yake mna kazi nyingi. Kuchoma ni kuweka chakula juu ya makala ya moto, kama mahindi na samaki. Kukaanga ni kupika kwa mafuta. Kuoka ni kupika mkate katika tanuru. Kutokosa ni kupika kwa maji mpaka chakula kilainike, kama viazi na maharagi. Kusonga ni kugeuza unga kwa mwiko katika maji ya moto mpaka uwe bukari.

Kati ya maneno ya jikoni, moja lataka uangalifu sana: kuchemsha. Watu wengi husema, "Maji yamechemka," kumbe yamepata moto tu. Tazameni sufuria juu ya mafiga. Kwanza mvuke unapanda, na mapovu madogo yanashika chini. Maji hayo bado. Baadaye mapovu makubwa yanapanda kwa nguvu, na maji yote yanapinduka-pinduka. Sasa yamechemka.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Katika maji ya mto au ya ziwa mnaweza kuwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huleta kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo. Mwaka 1994, kule Goma, kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi katika majuma machache. Wengi walikuwa wamekunywa maji ya ziwa Kivu yasiyosafishwa. Maji yakichemka kweli kwa dakika moja, vijidudu hivyo hufa. Kwenye milima inayopita mita 2,000, yaachwe dakika tatu. Kisha yapoe katika chombo safi chenye kifuniko.

Tena, kuchemka si kuiva. Maji huchemka, chakula huiva. Kando ya bahari maji huchemka yakifika digrii 100. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500. Huko maji huchemka kwa digrii 95 hivi. Kwa sababu hiyo maharagi hukawia kuiva Bukavu kuliko Matadi, mji ulio chini karibu na bahari. Kuzidisha kuni hakusaidii: maji yakisha kuchemka, joto lake halipandi tena. Afadhali kufunika chungu na kungoja. Maharagi yaliyochemka bila kuiva huumiza tumbo.

Muhogo mchungu nao una sheria yake. Una sumu ndani, na kuupika tu hakutoshi. Kwanza huloweshwa majini siku tatu au zaidi, kisha hukaushwa juani, halafu hutwangwa kuwa unga. Watu wengine, kwa njaa na haraka, waliacha kuulowesha vizuri, wakala karibu chakula hicho tu. Wakapata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka; maana yake ni miguu iliyofungwa.

Basi, mtoto anayetumwa jikoni ashike vizuri neno analoambiwa. Akiambiwa "chemsha maji", asilete maji ya moto tu. Afya ya nyumba nzima imo katika sufuria ile.

Maulizo
1. Maji ya moto na maji yaliyochemka yanatofautiana namna gani?
2. Kwa nini maharagi hukawia kuiva Bukavu?
3. Muhogo mchungu hutengenezwa namna gani kabla ya kuliwa?