Urefu Peke Yake Hautoshi

Tarehe 25 Juni, 2009 jina la kijana Mtanzania lilitajwa mbele ya watu wengi mjini New York, Marekani. Kijana huyo ni Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam. Siku hiyo timu za mpira wa kikapu zilikuwa zikichagua wachezaji wapya kutoka vyuo vikuu. Hasheem alichaguliwa wa pili. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani iitwayo NBA.

Siku hiyo hiyo alichaguliwa kijana mwingine aitwaye Stephen Curry. Yeye alikuwa wa saba. Hasheem ana urefu wa mita 2.21. Curry ana urefu wa mita 1.88 hivi. Wakisimama pamoja, Hasheem anamzidi kwa sentimita 30 na zaidi.

Je, ni nani aliyefika mbali zaidi? Hasheem alicheza katika timu nne za ligi hiyo mpaka mwaka 2014. Baadaye alicheza katika nchi nyingine, pamoja na Taiwan. Hilo ni jambo la kujivunia, maana alianza mchezo huu akiwa na miaka 15 tu. Lakini yule mfupi alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na tena mwaka 2016. Timu yake ilipata ubingwa mara nne.

Kwa nini? Tuangalie kazi yake.

Gadi ni nani?

Wengi wetu tunaujua mpira wa pete unaochezwa shuleni. Katika mpira wa pete, mchezaji aliyeshika mpira haruhusiwi kukimbia nao. Katika mpira wa kikapu anaruhusiwa, lakini sharti audunde chini kila anapokwenda. Wachezaji ni watano kila upande.

Warefu hukaa karibu na kikapu. Wafupi hukaa mbali, nao huitwa magadi. Usidhani gadi ni askari wa kulinda ghala. Gadi ndiye anayeleta mpira mbele na kuwagawia wenzake. Yeye ni kama mnyapara wa shamba. Anajua nani afanye nini, na wakati gani.

Anahitaji nini?

Kwanza, mikono yote miwili. Gadi sharti adunde mpira kwa mkono wa kulia na wa kushoto bila kuutazama. Akitazama chini, hataona mwenzake aliye wazi wala adui anayekuja kumnyang'anya.

Pili, macho na akili. Mkulima wa kahawa hachumi kila tunda. Anachagua lililoiva. Vivyo hivyo gadi hatoi mpira ovyo. Anangoja mwenzake afike mahali pazuri, kisha anautoa upesi. Na muda ni mfupi. Katika vyuo vikuu vya Marekani, timu ya wanaume ina sekunde 30 za kutupa mpira kikapuni. Katika NBA ni sekunde 24 tu.

Tatu, kufunga kutoka mbali. Uwanjani kuna mstari uliozunguka kikapu. Anayefunga akiwa nje ya mstari huo hupata pointi 3 badala ya 2. Chuoni, mstari huo uko mita 6.75 kutoka kikapuni. Katika NBA, sehemu iliyo mbali zaidi ni mita 7.24. Nusu mita ni kama hatua ndogo moja. Lakini hatua hiyo imewaangusha wengi waliosifiwa chuoni.

Nne, miguu na pumzi. Mchezo wa chuo huchukua dakika 40. Mchezo wa NBA huchukua dakika 48, na timu hucheza michezo 82 kabla ya kuanza kushindania ubingwa. Tena gadi sharti amzuie gadi mwenzake, ambaye ni mwepesi kama yeye. Asiyeweza kuzuia hukaa benchi, hata kama ni hodari wa kufunga.

Tano, kukubali kufundishwa. Curry alipokuwa shule ya sekondari alikuwa mdogo na mwembamba. Alitupa mpira akianzia kiunoni, na warefu waliweza kuuzuia. Baba yake, aliyekuwa mchezaji wa kulipwa, alimwambia aanze upya, aurushe kutoka juu ya kichwa. Kuacha mazoea ni kazi ngumu. Lakini kijana alikubali, akajifunza.

Hata hivyo vyuo vikubwa havikumchukua. Alikwenda Davidson, chuo kidogo. Huko alikuwa mfungaji zaidi kuliko kiongozi. Mwaka wake wa tatu alipewa kazi ya kuongoza timu. Akajifunza na hiyo. Mwaka huo huo akachaguliwa.

Tupige hesabu

Sasa, ndugu msomaji, chukua kalamu. Marekani kuna vyuo vikuu zaidi ya 350 katika daraja la kwanza la mchezo huu. Tuseme kila timu ina wachezaji 13. Zidisha 350 kwa 13. Utapata 4,550. Lakini NBA ina timu 30, na kila mwaka huchaguliwa vijana wasiozidi 60. Baadhi yao hutoka nchi nyingine kabisa.

Kwa hiyo wengi sana hawachaguliwi. Je, hao wamepotea? Aliyesoma hajapotea. Atarudi na shahada yake, awe mwalimu, mhasibu au mganga. Aliyecheza tu bila kusoma ndiye anayerudi mikono mitupu. Tena vyuo hivyo vina sheria. Mwanafunzi akishindwa masomo, haruhusiwi kucheza.

Sisi wa Mkumbi tufanye nini?

Huenda unasema, "Hayo ni mambo ya Marekani. Sisi tuna milima na kahawa." Sikiliza. Mche wa kahawa huanzia kitaluni, na matunda huyaona baada ya miaka mitatu hivi. Shimo la ngolo haliwi shimo kwa siku moja. Kwanza hukatwa majani, yakalazwa kwa mpango, ndipo udongo ukafunika. Gadi naye hutengenezwa hivyo hivyo, polepole na kwa mpango.

Je, shule ya kijiji chako ina mti wa mpira wa pete? Pete ya mchezo huo na ya kikapu huwekwa juu sawasawa, mita 3.05 kutoka chini. Lakini pete ya kikapu ni pana zaidi. Upana wake ni sentimita 45, na ile ya mpira wa pete ni 38. Basi mtoto anayejizoeza kutupa katika ile nyembamba hatashindwa na ile pana. Ardhi iliyoshindiliwa vizuri inatosha kudundia mpira. Wasichana nao wajizoeze, maana mchezo huu ni wa wote.

Mtoto akionyesha uhodari, mwalimu ampeleke katika michezo ya UMITASHUMTA, na baadaye UMISSETA. Huko ndiko vijana wa shule huonekana. Wala njia si Marekani tu. Mwaka 2021 ligi ya mpira wa kikapu ya Afrika ilianza Kigali, nchini Rwanda. Kutoka Mbinga, Kigali ni karibu kuliko New York.

Mzazi, jihadhari

Jambo la mwisho ni la wazazi. Akija mtu akisema, "Nipe fedha, nimpeleke mwanao Ulaya akacheze," usiuze kahawa yako upesi. Mwambie akupe barua ya shule au ya timu. Ipeleke kwa mwalimu mkuu na kwa ofisa michezo wa wilaya waisome. Timu ya kweli inayomtaka mchezaji humlipa mchezaji. Haimdai baba yake fedha.

Na wewe mama, mtoto akidunda mpira jioni, usimfukuze. Muulize kwanza, "Umemaliza masomo? Umechota maji?" Akijibu ndiyo, mwache acheze. Kisha mwambie, "Sasa dunda kwa mkono wa kushoto."