Uvimbe Tumboni Baada ya Uzazi: Msikimbilie Kisu

Akina dada wengi wakishajifungua huwa wanaliangalia tumbo kwenye kioo na kujipa moyo kwamba litapungua. Ni kweli, mara nyingi linapungua. Ila kuna uvimbe ambao hausikii mkanda wala mazoezi. Ni mgumu, umejishika kwenye msuli, na wakati mwingine hauumi hata kidogo. Unaitwa dezimoidi.

Ni nadra sana: kwa mwaka huwapata watu kama watano hivi katika kila milioni. Huwaandama zaidi wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, na ule wa kwenye ukuta wa tumbo hupenda kujitokeza wakati wa ujauzito au miaka michache baada yake.

Rafiki yangu mmoja alipouona wake, mumewe alisema ni kovu la mshono, mama mkwe akasema ngiri. Ultrasaundi ikaonyesha kitu kigumu ndani ya msuli. Basi, nyumba ikanuna! Yeye anataka ukatwe kesho, mume anaogopa, na hakuna anayemsemesha mwenzake.

Wapendwa, ultrasaundi ni mlango tu. Inawaambia uvimbe upo wapi, na kama una maji au ni mnyama mtupu. Mipaka yake na misuli iliyoingiliwa huonekana vizuri zaidi kwa MRI, mashine ya sumaku na mawimbi ya redio, isiyo na mionzi kama ya eksirei. Unalazwa ndani ya bomba lenye makelele, kwa nusu saa hivi au zaidi. Pete na hereni ziacheni nje, na kama mgonjwa ana chuma au kifaa cha moyo mwilini, semeni mapema.

Hata hivyo, picha peke yake haimalizi maneno, maana saratani ya misuli inaweza kufanana nao. Ndiyo maana daktari huchukua kinyama kwa sindano kikapimwe.

Jibu likiwa dezimoidi, pumueni. Hausambai kwenda mapafuni wala kwenye ini, japo unaweza kukua na kubana vilivyo jirani. Tena ukikatwa unaweza kurudi. Siku hizi madaktari wengi huanza kwa kuufuatilia kwa MRI kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu mwingine husimama, mwingine husinyaa wenyewe. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa yake ya kwanza, nirogacestat, lakini inaweza kuvuruga mayai ya mwanamke. Kama bado mnataka mtoto, ulizeni kabla ya kidonge cha kwanza.

Kusubiri na uvimbe tumboni si mchezo. Kaka, siku ya kipimo usimpe nauli tu ukaona umemaliza. Nenda naye, sikilizeni majibu wote wawili, halafu mwamue pamoja.