Shokapu za Nyuma: Zibadilishwe Kabla ya Msimu

Ndugu Wanachama,

Sisi wenye pikapu tuna desturi moja isiyofaa. Breki zikilia, twaenda gereji siku ile ile. Lakini shokapu za nyuma zikifa twanyamaza, maana gari bado linakwenda na mzigo unafika. Mimi nami nilikuwa mmoja wa hao mpaka nilipopata funzo huko bara.

Nilikuwa nimekwenda Mvumi, wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, kumzuru shemeji yangu ambaye ni mkulima wa mpunga. Jioni moja tulikuwa tukirudi shamba na pikapu yake, haina mzigo, ila mtoto wake wa kiume amekaa nyuma peke yake. Mvua zilikuwa zimepita na njia imejaa makorongo. Tulipofika penye kona, mkia wa gari uliruka, ukatua, ukaruka tena, kisha ukachepuka kuelekea mtaroni. Shemeji alikanyaga breki, lakini gurudumu lisilogusa ardhi halina breki. Gari lilisimama hatua mbili kutoka mtaroni. Mtoto alisalimika kwa sababu alikuwa ameshika ukingo wa bodi kwa mikono yote miwili.

Shemeji akaniambia, "Shemeji, shokapu mpya ninazo ndani tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nangoja nafasi." Kesho yake asubuhi tulizifunga wenyewe chini ya mwembe, na adhuhuri haijaingia tulikuwa tumekwisha.

Yafaa kwanza tujue kazi ya kitu hiki. Wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba mzigo. Sivyo. Mzigo hubebwa na springi, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi ikigandamizwa hurudi juu kwa nguvu, na ikiachwa peke yake itapanda na kushuka mara nyingi. Shokapu ndiyo inayoituliza. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na ile nguvu ya kuruka hugeuka joto likapotea. Basi kama mkia wa gari lako umelala chini kwa uzito wa magunia, shokapu mpya hazitauinua. Hiyo ni kazi ya springi. Lakini kama gari linarukaruka na kuyumba, hapo zitazame shokapu.

Dalili ni hizi. Gandamiza kona ya nyuma ya gari kwa uzito wako wote, kisha uachie. Likipanda na kutulia, ni zima. Likiendelea kudunda, imechoka. Chungulia chini: shokapu iliyolowa mafuta na kushika vumbi imekwisha. Tazama na tairi, maana zikiliwa kwa mabaka mabaka, huenda ndiyo sababu.

Sasa tuje kwenye kazi. Nunueni shokapu mbili, za aina ya gari lenu hasa, wala msibadilishe moja mkaacha ya pili. Upande mmoja ukiwa imara na wa pili legevu, gari litavuta vibaya kwenye kona. Fundi mmoja alikwisha kumshauri shemeji afunge moja ili apunguze gharama. Ushauri huo usifuatwe.

Usiku wa kuamkia kazi, zipakeni nati mafuta ya kulegeza kutu. Kwetu visiwani hili ni la lazima, kwani hewa ya chumvi hula chuma upesi. Asubuhi lisimamisheni gari mahali tambarare penye ardhi ngumu, vuteni breki ya mkono, tieni gia, na muweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Pikapu yenye springi bapa haihitaji kuinuliwa ili shokapu zitoke. Mkihitaji nafasi ya kuingia chini, inueni kwa jeki, kisha lipumzisheni gari juu ya stendi madhubuti. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki huteleza. Gari lenye springi za mviringo lina hesabu nyingine, kwa hiyo mpelekeeni fundi.

Fanyeni upande mmoja kwanza, ili upande wa pili ubaki kuwa kielelezo. Spana za namba 14, 17 na 19 ndizo zinazohitajika mara nyingi. Fungueni nati ya chini, kisha ya juu, na mkumbuke kila wosha ilikaa wapi. Shokapu iking'ang'ania, igongeni taratibu kwa nyundo huku mkiizungusha. Msiitie moto, kwa kuwa ndani mna mafuta, na nyingine zina gesi iliyoshindiliwa, yaweza kupasuka.

Shokapu mpya ya mafuta isimamisheni wima kama itakavyokaa garini, muivute na kuibana mara tano au sita ili hewa itoke. Ile ya gesi huja imefungwa kwa mkanda. Msiukate mpaka muwe tayari kuipachika, kwani itafunguka yenyewe. Pachikeni juu kwanza, kisha chini, na nati mzikaze kwa vidole tu. Mkisha pande zote mbili, lishusheni gari likae kwa uzito wake, ndipo mkaze kwa spana. Mkizikaza gari likiwa limening'inia, bushi za mpira zitajipinda gari litakaposhuka, nazo zitakatika mapema. Baada ya safari ya kwanza, zikagueni tena nati zote.

Ndugu Wanachama, msimu ukianza pikapu zetu hazipumziki. Asubuhi hupeleka wachumaji mashambani, na jioni hurudi na karafuu mbichi, ambazo zikichelewa njiani na kulala zimerundikana hupata moto na kuharibika. Gari likiingia mtaroni, hasara ya karafuu yaweza kufidiwa msimu ujao. Ya mchumaji aliyekaa juu ya magunia haifidiwi. Shemeji yangu alikuwa na shokapu ndani ya nyumba mwezi mzima, na kazi yenyewe ikachukua asubuhi moja.

Basi kila mwenye pikapu aigandamize kona ya nyuma leo hii. Asiyekuwa na spana au stendi amwombe jirani, nasi tusaidiane kama tunavyosaidiana kuanika.

Wenu katika kazi,
Katibu